Kengele ya Kumi na Mbili

Mlango wa nyuma wa ghala haukufunguka. Elinaza Mrutu aliusukuma kwa bega, akaupiga teke kwa buti, kisha akapiga magoti kwenye theluji kukitazama kizingiti. Barafu ilikuwa imeuziba ufa wote wa chini, nene kama kifundo cha mkono, na ndani yake yalikuwa yameganda majani mekundu, yale ambayo miti ya mtaa wa Downsview huyapukutisha mwezi wa kumi na moja.

"Mlango huu ulifunguliwa lini mara ya mwisho?" aliuliza.

"Sijui," alisema Naheed, binti wa mwenye ghala, ambaye alikuwa amejikunyata ndani ya koti, mikono kwapani. "Ila Gervais wa zizini ana funguo zake."

"Funguo peke yake hazitoshi. Angehitaji na sululu."

Alipiga picha ya barafu, akapiga na ya theluji iliyotanda uwanja wote bila alama ya kwato wala ya tairi, akainuka na kukung'uta magoti. Katika miaka kumi na mmoja ya upelelezi mjini Toronto, Elinaza alikuwa ametafuta waume waliotoroka, magari yaliyoibwa na wenye saini za kughushi. Ng'ombe alikuwa hajawahi kumtafuta.

"Ni saa saba na nusu," alisema. "Nina mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi, kabla msafara haujaanza. Baba akishapiga simu polisi, imekwisha."

Waliingia kwa mlango wa mbele. Kwa nje lilikuwa ghala la kawaida, kati ya kiwanda cha milango na karakana ya mabasi. Ndani kulikuwa na mji. Kila Desemba mzee Alnasir aliujenga upya: barabara moja pana ya vumbi la mbao, na pande zote mbili nyumba zenye baraza na paa za kubandika, benki, baa, kinyozi, ofisi ya sherifu yenye jela ya chumba kimoja. Juu ya barabara ziling'inia taa na mashada ya misonobari, na kibao kilichotaja jina la mji, Kijito Baridi. Mwanamuziki mmoja mwenye kofia ya pama alikuwa akijaribu wimbo wa Noeli kwa banjo, akikosea mahali palepale kila mara.

Mzee Alnasir aliwapokea kwenye nyumba iliyoandikwa Posta, ambayo ndiyo ilikuwa ofisi yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, amevaa buti za ngozi na sweta alilofumiwa na mkewe, Rehmat.

"Karibu, dada Elinaza. Nieleze, ametoka wapi?"

"Hajatoka, mzee. Mlango wa nyuma umeganda tangu mwezi uliopita. Wa mbele una kamera."

"Kamera inatunza picha za siku kumi na nne tu," alisema Naheed. "Nimezitazama zote. Sikuona ng'ombe akitoka."

"Na ng'ombe wote wako humu tangu lini?" aliuliza Elinaza.

"Tangu tarehe tatu. Leo ni siku ya ishirini na moja."

Elinaza aliomba tena karatasi. Hati ya mapokezi kutoka shamba la mifugo kaskazini mwa mji ilisema ng'ombe kumi na wawili wa pembe ndefu, kila mmoja na namba ya hereni yake ya sikioni. Chini kulikuwa na saini.

"Nani alisaini?"

"Fabrice. Anasimamia jukwaa, na ndiye sherifu wetu wakati wa maonyesho," Naheed alisema. "Jana daktari wa mifugo alikuja kuwakagua kabla ya msafara wa Krismasi. Akasoma hereni moja moja. Kumi na mmoja. Aliyekosekana ni namba 0417. Nikamwuliza Gervais, ambaye anawatunza na kuwafungia kila jioni, 'Jana jioni ulifungia wangapi?' Unajua alinijibu nini? 'Wote.' Nikamwuliza mara tatu. 'Wote.' Na tazama hili."

Alimsogezea daftari la zizi. Kila ukurasa ulikuwa na safu iliyoandikwa Idadi. Kwenye safu hiyo, jioni baada ya jioni, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, palisomeka: *Wote wapo.* Hakuna namba hata moja.

"Mtu asiyeficha kitu huandika namba," alisema Naheed. "Halafu kanisa lake linalisha watu mia tatu siku ya Krismasi. Nyama ya ng'ombe."

"Nimetoka huko asubuhi," alisema Elinaza.

Alikuwa amekwenda mtaa wa Jane na Finch, ghorofa ya kumi na nne, nyumbani kwa mama mmoja aitwaye Joyeuse, mpishi mkuu wa kanisa. Joyeuse alimfungulia friza bila kuulizwa mara mbili. Nyama yote ilikuwa kwenye pakiti za bucha, zina lebo na tarehe. Elinaza alipomweleza anachotafuta, mama yule alikaa kwenye kiti na kucheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Mama wee, lifti yenyewe siku hizi inakataa hata kigari cha mtoto. Huyo ng'ombe wenu angepanda ngazi? Na pembe zile?"

Mzee Alnasir alitabasamu kidogo aliposikia hayo, kisha tabasamu likamtoka.

"Sitaki awe Gervais," alisema. "Lakini bima wanataka ripoti ya polisi leo, na nikificha nitakuwa nimesema uongo. Mke wake, Généreuse, yuko Bujumbura na watoto wawili. Faili lao la kuja huku limefika hatua ya mwisho. Mimi mwenyewe nilimwandikia barua ya kazi. Akifunguliwa kesi ya wizi, faili hilo litalala, na huenda lisiamke."

Alivua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Sisi tulifika Alberta, huko magharibi, kutoka Mwanza mwaka sabini na tatu, mwezi kama huu. Nina miaka kumi na tano, nimevaa viatu vya shule. Mji wenyewe barabara moja, kama hii. Siku ya tatu tukasikia kelele nje. Farasi wamefungwa taa shingoni, Baba Krismasi amevaa kofia ya pama, ng'ombe wanapita katikati ya mji na watoto wanapewa machungwa. Mchunga ng'ombe mmoja akateremka, akanipandisha kwenye farasi wake, akashika hatamu akatembea kwa miguu mpaka mwisho wa barabara. Hakuniuliza natoka wapi wala nasali wapi. Huu mji nimeujenga kwa sababu ya mtu yule. Halafu humu humu nimpeleke mtu jela?"

Elinaza alichukua daftari la zizi na kwenda kumtafuta Gervais.

Zizi lilikuwa mwisho wa barabara, nyuma ya ukuta wa mbao uliochorwa milima. Harufu ya nyasi kavu na samadi ilimpokea kabla ya macho. Ng'ombe walisimama wakicheua, pembe zao zimepanuka kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni, na kila mmoja alivaa kengele ya shaba shingoni kwa mkanda mwekundu. Gervais alikuwa akimchana mmoja ubavuni kwa brashi. Alikuwa mrefu, mkondefu, miaka kama arobaini, na kofia ya kauboi aliyopewa kazini ilimkaa kama kitu cha kuazima.

"Karibu, Madame. Usipite nyuma ya Bihogo, hajakuzoea."

"Asante. Mimi ni Elinaza. Mzee ameniomba nimtafute huyo aliyepotea."

"Hakuna aliyepotea."

"Juzi jioni ulifungia wangapi?"

"Wote."

"Wote ni wangapi?"

"Ni wote, Madame."

"Bwana Gervais, polisi watakuuliza swali hilihili, na hawatakuuliza kwa Kiswahili."

"Nitawajibu vilevile." Brashi haikusimama. "Waniulize kitu kingine chochote."

Elinaza alitafuta robota la nyasi, akalikalia, akafunga daftari.

Baba yake alikuwa bwana mifugo Simanjiro. Alipokuwa akipeleka chanjo kwenye maboma, alitakiwa kurudisha idadi ofisini, na katika miaka yote ile hakuwahi kumwuliza mfugaji idadi. Alikaa mlangoni mwa zizi jioni, mifugo ikirudi, akaomba kutajiwa majina kwa heshima, huku mkono mmoja ukihamisha punje za mahindi kutoka mfuko huu kwenda ule.

"Mimi si mtu wa ng'ombe," alisema Elinaza. "Lakini nimekulia karibu nao. Ningependa kuwajua hawa kwa majina, kama hutajali."

Brashi ilisimama. Gervais aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Nani alikufundisha kuuliza hivyo?"

"Baba yangu."

"Alikuwa mtu." Alimpigapiga ng'ombe mgongoni. "Huyu ni Bihogo, kwa ajili ya hii rangi. Yule wa maji ya kunde ni Gaju, ana kiburi, anataka kunywa wa kwanza. Mweupe kule ni Gitare. Mwenye madoa, Bugondo..."

Elinaza alikuwa na peremende mfuko wa kulia wa koti. Kila jina lilipotajwa, peremende moja ilihamia mfuko wa kushoto. Gervais alizunguka zizi zima pole pole, akisimulia nani anapenda kukwaruzwa wapi na nani huogopa sauti ya banjo. Kila aliyetajwa aligeuza sikio. Alipomaliza, Elinaza alizipapasa peremende za mfuko wa kushoto kwa vidole, bila kuzitoa.

Kumi na moja.

"Uliwapa majina lini?"

"Ile jioni ya kwanza kabisa. Walivyofika."

"Tangu jioni ile, kuna jina uliloita likakosa kuitikiwa?"

"Hata moja."

"Kwa nini hukumweleza Naheed kwamba kwenu hawahesabiwi?"

Gervais aliinama kuokota unyasi usiokuwa na shida yoyote pale ulipokuwa.

"Kule Minembwe, milimani Kongo, babu yangu alisema ukitaja hesabu ya ng'ombe umemwita asiyeonekana aje apunguze. Najua ni maneno ya zamani. Pasta ananicheka. Lakini kinywa hakitaki. Sasa mimi nimwambie binti wa shule kubwa maneno kama hayo? Atasema huyu mtu bado yuko milimani. Nikaandika wote wapo. Ilikuwa kweli."

"Ilikuwa kweli," alisema Elinaza. "Hizi kengele, ulizifunga wewe?"

"Ile ile jioni ya kwanza. Fabrice alishika boksi, ananipa moja, nafunga, natoa jina. Ananipa ingine. Mpaka akasema zimeisha."

"Alisema zimeisha."

"Ndiyo. Akaondoka na boksi."

Elinaza alimshukuru, akampa peremende moja, akarudi barabarani. Naheed alikuwa juu ya ngazi mbele ya benki, akinyoosha shada.

"Kengele za ng'ombe mliagiza ngapi?"

"Kumi na mbili. Ng'ombe kumi na wawili, kengele kumi na mbili. Baba hanunui cha akiba, hata betri."

"Zote ziko shingoni?"

Naheed alifungua kinywa, kisha akatazama upande wa zizi. Alizaliwa hapa, na Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa bibi yake, lakini kufikiri hakukuhitaji lugha. Aliteremka ngazi moja.

"Kama ng'ombe aliibwa na kengele yake..."

"Basi kengele imekwenda naye. Na kama hakuibwa, kengele ipo. Fabrice yuko wapi?"

Ofisi ya sherifu ilikuwa na meza, jela yenye nondo za plastiki, na ukuta wenye misumari ya kutundikia kofia. Fabrice hakuwepo. Elinaza aliinua kofia moja moja. Chini ya kofia ya nne ilining'inia kengele ya shaba, mkanda wake mwekundu umekunjwa, ingali ndani ya nailoni ya dukani. Kibandiko cha kufungia hakikuwa kimeguswa. Aliitungua, akaketi, akaiweka mezani mbele yake.

Kijana aliingia akipiga mluzi. Miaka ishirini na saba au nane, mtu wa Gitega, Burundi, fulana nyeusi na nyota ya bati kifuani.

"Ah, dada Elinaza. Nimesikia mpelelezi yuko mjini. Umekuja kumkamata sherifu?" Kisha akaiona kengele, na mzaha ukaishia hapo.

"Hii ni ya nani, Fabrice?"

"Hiyo ni ya akiba."

"Naheed anasema hakuna ya akiba."

"Basi labda walikosea dukani."

"Labda. Kaa." Alingoja mpaka akae. "Lori lilipofika tarehe tatu, ulisaini hati ukiwa wapi?"

"Hapo nje."

"Hapo nje wapi? Ulikuwa umesimama nyuma ya lori ukiwaona wakishuka?"

Fabrice alitazama mikono yake.

"Ndani ya kabini," alisema hatimaye. "Baridi ilikuwa ishirini na mbili chini ya sifuri, na dereva alikuwa na haraka. Karatasi ilishaandikwa kumi na wawili. Nikaona imeandikwa, basi. Gervais ndiye alikuwa akiwashusha."

"Halafu mkaenda kufunga kengele."

"Ikabaki moja." Sauti yake ilishuka. "Nikawatazama tena, nikahesabu. Nikamwambia Gervais zimeisha. Nilipompigia dereva akasema mmoja aliachwa shambani, ana kidonda kwatoni, wangemleta wiki inayofuata. Nikasema vizuri, ataletwa, hakuna atakayejua. Wiki ikapita. Ningeanzaje kusema? Mwezi wa kwanza Naheed anamchagua meneja wa kudumu wa jukwaa. Nani angempa kazi mtu anayesaini bila kutazama?"

"Na jana, daktari alipohesabu?"

"Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nakuapia. Lakini Naheed akamwuliza Gervais kwanza."

"Na wewe ulijua hatataja namba."

Nje banjo ilirudia kosa lake, ikanyamaza.

"Babu yangu alikuwa vilevile," alisema Fabrice. "Nilijua."

"Basi hukujificha nyuma ya karatasi," alisema Elinaza. "Ulijificha nyuma ya adabu yake. Wote humu wangemwona mwizi, na wewe peke yako ulikuwa unaelewa kwa nini ananyamaza. Unajua mke wake yuko wapi?"

"Najua. Nilimsaidia kujaza fomu zake."

Elinaza alilitazama lile jibu likikaa mezani kati yao. Alitazama saa ya ukutani.

"Ni saa tisa kasoro robo. Kuna njia mbili. Niende mimi Posta nikaseme, au uende wewe. Mambo yatakayosemwa ni yaleyale. Lakini hayatakuwa kitu kimoja."

Fabrice aliinuka. Mlangoni alirudi nyuma hatua moja, akachukua kengele.

Mzee Alnasir alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu Elinaza akapiga simu shambani, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Mwenye shamba, mama mwenye sauti ya kukwaruza, aliwaambia wangoje aende kutazama. Walisikia mlango, upepo, kisha mlango tena. 0417 alikuwepo, anakula nyasi, kwato karibu imepona. Dereva wake alikuwa amemwambia kijana wao mara mbili. Walikuwa wakimtaka bado?

"Hapana, mama," alisema mzee. "Apumzike. Krismasi njema."

Alichukua karatasi aliyokuwa ameandika namba ya polisi, akaikunja ndogo sana, akaitia mfukoni. Naheed alikuwa ameinamisha kichwa. Alitoka, na Elinaza alimwona kupitia dirishani akienda upande wa zizi, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia.

Walipomfikia, Gervais alikuwa ameshaambiwa. Alisimama kati ya ng'ombe wake, brashi mkononi, akimtazama Fabrice.

"Wewe ulikula kwangu," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Jana jioni. Tulikuwa tumekwisha kuulizwa, na ulikuja ukala."

Fabrice alibandua nyota ya bati kifuani, akamkabidhi mzee Alnasir.

"Nitaamua juu yako baada ya sikukuu," mzee alisema. "Leo nenda nyumbani."

"Hapana, patron," alisema Gervais. "Samahani. Asiende. Leo tunapita katikati ya watu na watoto, nahitaji mtu nyuma. Mimi natangulia. Yeye atembee nyuma."

"Kwa nini yeye?"

"Mtu wa nyuma ndiye anayewaona wote."

Saa kumi milango ilifunguliwa. Familia ziliingia zikipangusa theluji mabegani: Wakongo wa Jane na Finch na watoto waliovaa kofia za pama za karatasi, jamaa za mzee kutoka Vaughan, wazungu wenye kamera, Joyeuse na kwaya yake wakiimba Noeli kwa Kifaransa juu ya banjo ambayo sasa haikukosea. Baba Krismasi akapita juu ya farasi. Nyuma yake alikuja Gervais kwa miguu, na nyuma ya Gervais pembe zile, mashada yamefungwa, kengele zikilia kila moja na sauti yake. Watoto walipewa machungwa. Mwisho kabisa wa msafara, katika vumbi la mbao, alitembea Fabrice bila nyota, macho hayatoki migongoni mwa ng'ombe.

Elinaza alingoja zizini, kwa kuwa ripoti yake ilihitaji sentensi ya mwisho. Naheed alikuwa hapo na daftari. Juu ya safu alikuwa amefuta neno Idadi, akaandika Majina, na kalamu ilikuwa tayari.

Ng'ombe wa mwisho aliingia. Fabrice akafunga komeo nyuma yake.

"Wapo?" aliuliza Gervais.

Fabrice alivuta pumzi. Midomo yake ilianza kuunda namba, ikaacha.

"Bihogo," alisema. "Gaju. Gitare." Alikwama, Gervais hakumsaidia, akaendelea mwenyewe, jina baada ya jina, na Naheed akaandika mpaka la mwisho. "Wote wapo."

Gervais aliitikia kwa kichwa. Kisha alivua glavu, akafungua komeo, akaingia kuwagusa mmoja mmoja.